Sentensi Nzima

Januari. Mnada wa mwisho umepita,
ghalani pamebaki vumbi na magunia matupu,
na mimi, karani wa mzani, nimejipima:
kilo sabini na nane, miaka arobaini na mmoja,
moyo unagonga kama mlango usio na komeo.

Kocha Tluway yuko Karatu. Tunaonana kwa simu.
"Kuogelea, baiskeli, mbio, vyote mwakani," akasema.
"Miezi hii hushindani na mtu.
Mapigo mia na thelathini na tano.
Yakizidi, tembea."
Nilidhani ananionea huruma.

Basi natoka Magomeni alfajiri
na saa inayolia mkononi kama kifaranga.
Hatua mia mbili: inalia. Natembea.
Hatua mia mbili: inalia.
Wanafunzi wa zamu, mafagio mabegani, wananipita.
Mama mwenye ndoo kichwani ananipita,
ananisalimu, anangoja nimwitikie,
anachoka kungoja.

Jumamosi, baiskeli. Barabara ya Mikindani.
Dadi Nandonde, muuza mikate,
sanduku la mbao nyuma, mnyororo umeshika kutu,
anapiga kengele na kunipita mlimani.
"Somoe! Upepo umeisha?"
Wa tairi au wa kifua, hakufafanua.
"Bado," nikamjibu.
Neno moja. Ndilo nililokuwa nalo.

Ningeweza kumpita. Hilo lieleweke.
Februari nikavunja sheria:
nikasimama juu ya pedali, nikampita Dadi,
nikalipita na lori la chumvi (lilikuwa limeharibika),
kisha siku tatu nilishuka ngazi za ghala
upande upande, kama kaa.
Tluway hakugomba. Aliandika tu:
"Rudi wiki ya kwanza."

Mtaani kwetu misingi ni mingi kuliko nyumba.
Korosho ikilipa, mtu anachimba, anapanga mawe, anamwaga jamvi.
Bei ikianguka, anasubiri.
Nyasi zinaota sebuleni,
mbuzi wa jirani analala chumba cha wageni.
Mpita njia anaona pori.
Mwenyewe anaona pa kuweka kitanda.
Wangu una miaka minne.
Fundi aliniambia: lililomwagwa leo
linyweshwe asubuhi na jioni, lisikanyagwe.
Vijana husema zege halilali.
Nimelikesha, nalijua. Hulala,
na kulala kwake ndiko kukomaa.

Jumatatu, kwa hiyo, ni siku ya zege.
Miguu juu ukutani, sahani ya muhogo kifuani.
Mama anachungulia mlangoni:
"Leo hawakukufukuza?"

Jioni za maji kujaa naogelea Shangani,
kandokando, pale ninapoweza kusimama nikiogopa.
Mikono mitatu, pumzi. Mikono mitatu, pumzi.
Machi nilikunywa chumvi ya kuungia mboga za mwezi.
Aprili, siku moja, nilisahau kuhesabu,
nikashtuka niko mbali na kanga yangu
iliyokuwa nukta nyekundu mchangani.
Sikumwambia mtu.

Mwisho wa Mei. Mvua imekata, lami imekauka.
Mlima ni uleule, mia na thelathini na tano ni ileile,
ila Dadi simwoni mgongo.
Namwona sikio. Tuko bega kwa bega.
Saa kimya.
"Upepo je?" akauliza, na safari hii anahema yeye.

Nikamwambia: "Upepo upo, Dadi, nimekuwa nikiuweka tangu Januari kama mtu anayeficha hela ya bati asiione shemeji, na kama una mikate miwili nitakulipa tukifika juu, maana nimetoka bila chai, na huo mnyororo wako, mwanakwetu, utie mafuta, unawaamsha wagonjwa."

"Haya," akasema.

Juu nikamlipa.
Mkate ulikuwa bado na joto la tanuri.